Unene wa Kupita Kiasi kwa Watoto Waliopona Saratani

Kwa sehemu kubwa ya karne ya ishirini, swali lililoulizwa juu ya mtoto mwenye saratani lilikuwa moja tu: je, ataishi? Katika nchi zenye hospitali nyingi na dawa za kutosha, swali hilo limekwisha kupata jibu jema, kwani zaidi ya watoto 80 katika kila 100 hupona. Katika nchi nyingi zenye kipato kidogo, Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa wanaopona hawafiki 30 katika kila 100. Mwaka 2018 shirika hilo lilianzisha mpango wenye shabaha ya kuwafikisha wanaopona angalau 60 katika kila 100, duniani kote, ifikapo mwaka 2030.

Kila mtoto anayepona huleta swali la pili: ataishi maisha ya namna gani? Makala haya yanaeleza sehemu moja ya swali hilo, nayo ni unene unaowapata baadhi ya watoto wakati wa matibabu ya saratani na baada yake. Jambo hili halina budi kueleweka shuleni na nyumbani. Mtoto aliyekonda kwa ugonjwa anaporudi Engutoto, katika Jiji la Arusha, akiwa na mashavu yaliyojaa, majirani humshukuru Mungu na kusema kuwa amepona. Pengine ni kweli. Lakini mashavu hayo yaweza kuwa kazi ya dawa tu, na unene unaoendelea baada ya dawa kumalizika waweza kuwa mwanzo wa maradhi mengine.

Uganda na mwanzo wa matumaini

Habari ya kupona kwa watoto wenye saratani ina mizizi katika Afrika ya Mashariki. Mwaka 1958 daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyefanya kazi katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, alitangaza maelezo ya uvimbe uliowashika watoto wengi kwenye mataya. Mwishoni mwa mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili, Williams na Nelson, walisafiri kwa gari maili 10,000 hivi, kutoka Uganda hadi Afrika Kusini, wakiuliza katika kila hospitali kama ugonjwa huo ulionekana huko. Waligundua kuwa karibu na Ikweta uvimbe huo ni nadra katika nchi za juu, zenye kimo cha zaidi ya meta 1,500, na huonekana zaidi katika nchi za joto na mvua ambako malaria ni nyingi. Mji wa Arusha uko katika kimo cha meta 1,400 hivi, chini ya Mlima Meru, kwa hiyo umekaa karibu na mpaka huo. Mwaka 1964 wanasayansi Epstein, Achong na Barr, wakichunguza vipande vya uvimbe vilivyopelekwa London kutoka Uganda, waliona kirusi ambacho mpaka leo kinaitwa kwa majina ya Epstein na Barr.

Jambo kubwa zaidi lilikuwa tiba. Uvimbe wa Burkitt hukua kwa kasi sana, na kwa sababu hiyo hudhurika upesi kwa dawa zinazoua seli zinazogawanyika, kama vile siklofosfamidi na methotreksati. Baadhi ya watoto wa Uganda walipona kwa dawa peke yake, katika wakati ambapo madaktari wengi duniani hawakuamini kuwa saratani yaweza kupona bila kisu wala mionzi.

Burkitt ana nafasi ya pili katika somo hili. Katika miaka ya 1970 aliacha habari za uvimbe akajishughulisha na chakula. Alihubiri kuwa makapi ya nafaka, maharage na mboga, yaani nyuzinyuzi zisizomeng'enywa, ni kinga ya maradhi mengi ya watu wanaokula vyakula vilivyokobolewa na kusafishwa mno.

Unene hupimwaje?

Mizani peke yake haitoshi. Mtu mrefu huwa mzito kuliko mfupi bila ya kuwa mnene. Katika karne ya kumi na tisa mtakwimu Mbelgiji Adolphe Quetelet alionyesha kuwa uzito wa watu wazima hulingana kwa karibu na mraba wa urefu wao. Kutokana na hilo hupatikana kipimo kinachoitwa uwiano wa uzito na urefu: kilo za mtu hugawanywa kwa mraba wa urefu wake katika meta. Mwanafunzi wa fizikia atatambua kwamba kilo ni kipimo cha tungamo, si cha uzito. Lakini hapa neno "uzito" limetumika kama linavyotumika hospitalini na sokoni.

Kwa mtu mzima, uwiano wa 25 au zaidi huitwa uzito uliozidi, na wa 30 au zaidi huitwa unene wa kupita kiasi. Kwa mtoto mipaka hiyo haitumiki, kwa sababu umbo lake hubadilika kila mwaka. Mtoto hulinganishwa na watoto wa umri na jinsia yake kwa kutumia majedwali ya ukuaji yaliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2007 kwa wenye umri wa miaka 5 hadi 19.

Chukulia mfano wa msichana wa miaka 10 mwenye urefu wa meta 1.35 na kilo 30. Uwiano wake ni:

30 ÷ (1.35 × 1.35) = 16.5

Kwa umri huo kiwango cha kati ni 16.6, basi msichana huyu yuko katikati. Tuseme ameugua saratani ya damu, akatibiwa, na katika umri wa miaka 12 ana urefu wa meta 1.40 na kilo 45:

45 ÷ (1.40 × 1.40) = 23.0

Kwa wasichana wa miaka 12 kiwango cha kati ni 18.0, uzito uliozidi huanzia juu ya 20.8, na unene wa kupita kiasi huanzia juu ya 25.0. Msichana huyu amekwisha kupita mpaka wa kwanza na anaelekea wa pili.

Lakini zipo habari nyingine katika hesabu hiyo. Katika miaka miwili amerefuka sentimeta 5 tu, hali wasichana wa umri huo hurefuka kiasi cha sentimeta 6 kila mwaka. Mtoto anayenenepa kwa kula sana, bila ugonjwa, kwa kawaida hurefuka vizuri, na mara nyingi huwapita wenzake. Mtoto anayenenepa huku urefu wake ukisimama ni lazima aonwe na daktari, kwani huenda homoni zake zimepungua. Hii ndiyo sababu kipimo kimoja cha siku moja hakina faida kubwa. Vipimo vya mara kwa mara, vikiandikwa na kuchorwa katika grafu, ndivyo vinavyosema kweli.

Kipimo hiki kina upungufu pia. Hakitenganishi msuli na mafuta. Mtoto aliyelala kitandani miezi mingi hupoteza misuli na kuongeza mafuta, na uwiano wake waweza kuonekana wa kawaida ingawa mwili umebadilika. Tena, mtoto mwenye uvimbe mkubwa tumboni huwa na uzito wa udanganyifu, kwa kuwa uvimbe wenyewe una kilo zake. Kwa mtoto wa namna hiyo wauguzi hupima mzingo wa mkono wa juu, ambao hauongezwi na uvimbe.

Sababu za kunenepa

Sababu ni kadhaa, nazo hufanya kazi pamoja.

Ya kwanza ni dawa za jamii ya steroidi, hasa prednisoloni na deksamethasoni. Dawa hizi huua seli za saratani ya damu, na bila ya hizo watoto wengi wasingepona. Lakini zinafanana na kortisoli, homoni inayotengenezwa na tezi zilizo juu ya mafigo, na kazi yake moja ni kuamsha hamu ya chakula. Mtoto anayezitumia huweza kuamka usiku akiomba kula. Mafuta hukusanyika usoni na tumboni, na misuli ya mapaja na mabega hupungua. Uso wa mviringo unaosababishwa na dawa hupungua zenyewe wiki au miezi kadhaa baada ya dawa kumalizika.

Hapa pana onyo kubwa. Mzazi asikatishe dawa hizi kwa kuogopa unene. Kufanya hivyo huipa saratani nafasi ya kurudi. Zaidi ya hayo, mwili uliozoea steroidi kutoka nje huacha kutengeneza kortisoli yake, na dawa ikikomeshwa ghafula mtoto huweza kuzimia na hata kufa. Mabadiliko yote ya kipimo ni kazi ya daktari.

Sababu ya pili ni udhaifu wa viungo. Vinkristini, dawa inayotumika kwa saratani ya damu na kwa uvimbe wa Burkitt, huweza kudhuru neva za miguu. Mtoto huburuza nyayo, hujikwaa, na huacha kukimbia. Doksorubisini nayo huweza kudhoofisha msuli wa moyo, na dalili zake huenda zisionekane mpaka baada ya miaka mingi.

Ya tatu ni kudhurika kwa haipothalamasi. Hii ni sehemu ndogo chini ya ubongo, nayo ndiyo inayosimamia njaa, kiu, joto la mwili na kazi za tezi ya pituitari. Mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake huko New York waligundua leptini, homoni inayotoka katika mafuta ya mwili. Mafuta yakiongezeka, leptini huongezeka katika damu, haipothalamasi hupokea habari hiyo, na njaa hupungua. Msomaji atatambua kuwa huu ni mfano wa urari wa ndani ya mwili unaofundishwa katika biolojia. Haipothalamasi ikidhurika, habari hufika lakini haisomwi. Ubongo huudhania mwili kuwa una njaa, ilhali ghala limejaa. Madhara haya huonekana sana kwa watoto wenye uvimbe uitwao kraniofaringioma, unaoota karibu na pituitari. Karibu nusu yao hunenepa kupita kiasi baada ya matibabu, na kuwakemea kwa ulafi ni kuwaonea.

Mionzi iliyoelekezwa kichwani huweza kuleta madhara ya aina hiyo hiyo. Katika miaka ya 1960 na 1970 watoto wengi wa Ulaya na Marekani wenye saratani ya damu walipigwa mionzi kichwani ili kuua seli za saratani zilizojificha kwenye ubongo. Uchunguzi mkubwa wa Marekani, uliotangazwa mwaka 2003, uliwalinganisha watu wazima 1,765 waliopona saratani hiyo utotoni na ndugu 2,565 wa waliopona saratani za utotoni. Kwa waliopata grei 20 au zaidi, uwezekano wa unene wa kupita kiasi ulikuwa mara 2.6 kwa wanawake na mara 1.9 kwa wanaume. Waliodhurika zaidi ni wanawake waliotibiwa wakiwa na umri usiozidi miaka 4. Kwa sababu hii na nyinginezo, siku hizi watoto wengi wenye saratani ya damu hawapewi tena mionzi ya kichwa. Hata hivyo, tatizo halikuisha: uchunguzi wa baadaye umeonyesha kuwa hata waliotibiwa kwa dawa tu huweza kunenepa.

Ya nne ni mazingira ya nyumbani na mjini. Mtoto aliyenusurika kifo hupendwa kwa huruma. Hapewi kazi, haruhusiwi kucheza, na kila anachokiomba huletewa. Huruma hiyo hukutana na badiliko la jumla la ulaji wa mijini. Kwa mujibu wa uchunguzi wa taifa wa afya, wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 waliokuwa na uzito uliozidi au unene wa kupita kiasi walikuwa 28 katika kila 100 mwaka 2015–16, na 36 katika kila 100 mwaka 2022. Katika mitaa ya Arusha chipsi, maandazi na soda vipo kila kona, na bodaboda huchukua safari ambayo zamani ilifanywa kwa miguu.

Hesabu ndogo yatosha kuonyesha nguvu ya jambo dogo linalorudiwa. Soda ya chupa ndogo ina gramu 30 hivi za sukari. Gramu moja ya sukari hutoa kilojuli 17, kwa hiyo chupa moja hutoa kilojuli 510. Kwa siku 365 jumla ni kilojuli 186,150. Kilo moja ya mafuta ya mwili huhifadhi kilojuli 32,000 hivi. Basi chupa moja ya ziada kila siku ni sawa na kilo 5.8 za mafuta kwa mwaka. Kwa kweli ongezeko huwa dogo kuliko hilo, maana mwili unaozidi uzito hutumia nishati zaidi. Lakini mwelekeo ni huo.

Hatari zake

Unene wa kupita kiasi huongeza shinikizo la damu, kisukari na maradhi ya moyo kwa mtu yeyote. Kwa aliyepona saratani, mzigo huo huwekwa juu ya mwili uliokwisha kuumia. Moyo uliodhoofishwa na doksorubisini hulazimika kusukuma damu katika mwili mkubwa zaidi. Kongosho lililopitiwa na mionzi ya tumbo huweza kushindwa kutoa insulini ya kutosha. Uchunguzi uliotangazwa Marekani mwaka 2006, juu ya watu 10,397 waliotibiwa kati ya miaka ya 1970 na 1986, ulionyesha kuwa miaka 30 baada ya ugonjwa kugunduliwa, watu 73 katika kila 100 walikuwa na angalau ugonjwa mmoja wa kudumu. Umri na mionzi iliyokwisha kupokewa havibadiliki. Uzito ni miongoni mwa mambo machache ambayo bado yaweza kubadilishwa.

Hali ya Tanzania

Katika Tanzania watoto wenye saratani hutibiwa katika hospitali kubwa kama Muhimbili mjini Dar es Salaam, Bugando mjini Mwanza, na KCMC mjini Moshi, iliyo karibu zaidi na watu wa Arusha. Hapa tatizo la kwanza mara nyingi ni kinyume cha unene. Watoto wengi hufika hospitalini wamechelewa na wamekonda, na mwili wenye utapiamlo hauzihimili dawa vizuri. Mtoto wa namna hiyo anahitaji kulishwa, na kuongezeka kwake uzito ni ushindi.

Kwa hiyo mafunzo ya Ulaya na Marekani hayafai kunakiliwa bila kufikiri. Yanapaswa kugawanywa kwa wakati. Wakati wa ugonjwa, lengo ni mtoto asikonde. Wakati wa steroidi, lengo ni ashibe kwa chakula kizuri, si kwa sukari. Baada ya dawa kumalizika, lengo ni arudi kwenye mstari wake wa ukuaji, akirefuka na kupata misuli. Mtoto asinyimwe chakula wala asifungishwe wakati wowote kati ya hizo.

Vyakula vinavyofaa vimo katika mashamba ya Meru. Makande ya mahindi na maharage hushibisha muda mrefu kwa sababu ya nyuzinyuzi na protini. Ugali wa dona una nyuzinyuzi kuliko wa sembe. Loshoro, ndizi za kupika, mnafu, maharage na matunda ya msimu ni bora kuliko chipsi na soda, na mara nyingi bei yake ni nafuu. Maji yachukue nafasi ya vinywaji vya sukari.

Wajibu wa shule

Mwalimu ndiye anayemwona mtoto kila siku, hali daktari humwona mara chache kwa mwaka. Kwanza, mwalimu asiruhusu mwanafunzi aitwe majina kwa sababu ya umbo lake. Mtoto anayechekwa hujificha, na anayejificha hachezi. Pili, asimwondoe katika michezo kwa kumhurumia. Mtoto mwenye afya anahitaji angalau dakika 60 za kujimudu kila siku. Aliyepona saratani aanze kwa kutembea na aongeze taratibu, kwa ushauri wa daktari anayejua dawa alizopata. Tatu, mzazi ahimizwe kutunza karatasi za hospitali zinazoonyesha dawa na mionzi, na kumpeleka mtoto kliniki hata akionekana mzima. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Jaribio la darasani

Kila mwanafunzi apewe uzi ulio sawa na urefu wake kuanzia unyayo hadi utosi. Aukunje mara mbili sawasawa, kisha ajaribu kuuzungusha kiunoni, juu ya kitovu. Kwa kawaida mzingo wa kiuno unatakiwa uwe chini ya nusu ya urefu, kwa hiyo ncha za uzi zinapaswa kukutana. Kila mmoja ajipime mwenyewe, na majibu yasisomwe mbele ya darasa.

Maswali

1. Mvulana wa miaka 12 ana urefu wa meta 1.44 na kilo 36. Baada ya mwaka mmoja ana urefu wa meta 1.45 na kilo 45. Tafuta uwiano wake wa uzito na urefu katika nyakati zote mbili. Ni tarakimu gani inayoonyesha kuwa anapaswa kuonwa na daktari upesi, na kwa nini?

2. Eleza jinsi leptini na haipothalamasi zinavyosimamia njaa. Chora mchoro wa mzunguko huo, kisha uonyeshe mahali unapokatika haipothalamasi inapodhurika.

3. Kwa nini mzingo wa mkono ni kipimo bora kuliko mizani kwa mtoto mwenye uvimbe mkubwa tumboni?

4. Jirani anamshauri mzazi amwachishe mtoto prednisoloni kwa sababu uso umevimba. Andika sababu mbili za kumkatalia.

5. Orodhesha vyakula vilivyoliwa nyumbani kwako kwa siku tatu. Ni vipi vyenye nyuzinyuzi nyingi, na ni vipi ambavyo nguvu yake yote hutoka katika sukari au mafuta?